Ngombe Anavyotafuna, Anavyolala na Anavyosimama

Maneno kwa wachungaji na kwa wote wenye ngombe wa maziwa ao wa kulima

Watu wengi wakitaka kujua kama ngombe ameshiba, wanatazama ubavu wake wa kushoto. Ubavu ukijaa, wanasema: Amekula, basi tumufunge nira, ao tumurudishe zizini. Lakini ngombe mwenye ubavu uliojaa hajala bado namna mutu alavyo. Ameweka majani akibani tu. Nusu ya kazi ya kula inabaki, nayo ataifanya baadaye, akiwa amelala chini kwa utulivu, taya likienda polepole. Mutu akimunyima saa hizo, ngombe anakonda katikati ya majani mengi, na mwenyewe anasema majani ya nchi hii ni mabaya, ao jirani amemuroga.

Kwa ngombe, kutafuna na kulala na kusimama si mambo matatu mbalimbali. Taya linafanya kazi vizuri kama mwili umekaa vizuri, na mwili ukiumia taya linasimama. Muchungaji anayejua hayo anaona ugonjwa siku mbili ao tatu mbele ya mwenzake.

Kinywa na misuli yake

Fungua kinywa cha ngombe mupole, utazame. Mbele, chini, kuna meno 8 ya kukatia. Mbele, juu, hakuna hata moja. Pale kuna ufizi mugumu tu, kama ngozi ya kiatu. Nyuma kuna magego 24, ndiyo 6 kila upande, juu na chini. Kwa kuwa hana meno ya mbele juu, ngombe hawezi kuuma majani mafupi kama farasi. Anatoa ulimi, anazungusha fungu la majani, analibana katikati ya meno na ufizi, kisha anavuta kwa kichwa. Ulimi ndio mukono wake. Kwa hiyo malisho yaliyokwisha kuliwa na kondoo mupaka karibu na udongo hayamufai ngombe: atatembea muchana kutwa, ulimi hauna kitu cha kushika.

Majani yakiingia kinywani, anayatafuna mara chache, anayalowesha kwa mate, anameza. Ana haraka, wala hachagui sana. Mbuzi anachagua kwa midomo yake jani moja moja. Ngombe anameza fungu zima pamoja na yaliyomo: kipande cha waya, musumari, uzi wa gunia. Tutayarudia maneno hayo, maana yameua ngombe wengi.

Sasa weka kidole chako mwenyewe nyuma ya shavu, chini ya sikio, halafu uume meno. Utasikia kitu kinavimba na kuwa kigumu. Ni musuli wa shavu. Weka kidole kingine penye panja, uume tena: na pale panavimba. Kwa chui na kwa mbwa musuli wa panja ndio mukubwa. Unajaza pande zote mbili za kichwa, unafunga taya kama mutego, juu na chini tu. Kwa ngombe ni kinyume. Musuli wa panja ni mudogo, lakini ule wa shavu, pamoja na mwenzake ulio upande wa ndani wa taya, ni mikubwa sana, nayo inavuta taya kwa upande. Kwa hiyo chui anakata, ngombe anasaga. Tena taya lake la chini ni jembamba kuliko la juu, basi hawezi kusaga pande zote mbili pamoja. Anasaga kushoto muda fulani, kisha kulia.

Majani yanarudi kinywani

Ngombe ana tumbo lenye sehemu nne, na kila muchinjaji anazijua. Ya kwanza ni tumbo kubwa, linalojaza upande wote wa kushoto. Kwa ngombe mukubwa laweza kubeba litri 100 na zaidi. Ya pili ni ndogo, imekaa mbele kabisa, karibu na kifua, na ndani yake ni kama sega la nyuki. Ya tatu ina kurasa kama kitabu. Ya nne ndiyo iliyo kama tumbo letu.

Ndani ya tumbo kubwa kuna vijidudu vingi sana, vidogo hata jicho halivioni, navyo vinachachusha majani kama pombe inavyochachuka mutungini. Ngombe hana nguvu ya kuyeyusha majani makavu yeye peke yake. Vijidudu hivyo vinamufanyia. Lakini haviwezi kuingia vizuri katika jani lisilosagwa. Ndiyo maana linapaswa kurudi kinywani. Kurudisha huko na kutafuna mara ya pili kunaitwa kucheua.

Simameni upande wa kushoto wa ngombe aliyelala, mutazame shingo yake. Anavuta pumzi kidogo bila kuipitisha, kifua kinafanya mvuto, na tonge la majani mabichi linapanda shingoni. Linaonekana wazi likipita chini ya ngozi. Likifika kinywani anameza maji yake, kisha taya linaanza. Mara moja kila sekunde, karibu hivyo. Hesabuni: ngombe muzima akila majani ya kawaida anatafuna tonge moja mara 50 mupaka 70, halafu analimeza, ananyamaza sekunde chache, na tonge lingine linapanda. Anafanya hivyo saa 6 mupaka 9 katika muchana na usiku mumoja, kwa vipindi vingi, vingine vifupi, vingine vya saa nzima. Kama ni mara 60 kila dakika kwa saa 7, misuli ya shavu imevuta taya zaidi ya mara 25,000, bila kuhesabu kutafuna kwa malishoni. Hakuna musuli wa muguu unaofanya kazi namna hiyo kwa siku moja, hata wa ngombe anayevuta jembe.

Kila mara taya linapokwenda, mate yanatoka. Ngombe mukubwa wa maziwa wa namna ya Ulaya anatoa mate litri 100 na zaidi kwa siku. Ngombe wetu wadogo wanatoa kwa kipimo cha mwili wao. Mate hayo yana chumvi yenye kazi ya magadi: yanapunguza uchachu wa tumbo kubwa. Taya likisimama, mate yanapunguka. Mate yakipunguka, tumbo linachachuka kupita kiasi, na vijidudu vyema vinakufa. Jambo hilo linaonekana upesi kwa ngombe aliyevunja mulango wa ghala na kula mahindi ao unga. Unga hautaki kutafunwa, hauleti mate, tena unachachuka upesi kuliko majani. Kesho yake ngombe anayumba kama mulevi, ana kuhara, halafu analala na hasimami tena. Ukimukuta ghalani, musimuongezee unga wala pumba. Mupeni majani makavu, na mumuite munganga wa nyama siku ile ile, hata kama ngombe anaonekana muzima.

Namna ya kulala

Ngombe anaweza kucheua akisimama, hata akitembea polepole. Lakini mara nyingi zaidi anacheua akiwa amelala juu ya kifua: miguu ya mbele imekunjwa chini ya mwili, miguu ya nyuma imetoka upande mumoja, shingo imeinuka. Amekaa kama mutumbwi uliowekwa vizuri pwani, haupinduki. Akikaa hivyo, kifua kinabeba muzigo, miguu inapumzika, tumbo kubwa liko wima. Majimaji na majani yako chini, hewa iko juu, karibu na mulango wa koo.

Kwa siku nzima ngombe anataka kulala saa 10 ao 12. Si usingizi wote. Wakati mwingi anacheua macho yamefumba nusu. Anasinzia na kutafuna pamoja. Usingizi muzito ni mufupi, hata saa moja haufiki kwa siku, na kwa wakati ule taya linasimama, misuli ya shingo inalegea, na kichwa analazwa ubavuni. Musishituke mukiona hivyo kwa ngombe mumoja usiku. Mukiona ngombe amekaa hivyo muchana, saa nyingi, kichwa ubavuni na taya halitembei, hapo mushituke.

Kumbe ngombe anapenda kulala kuliko kula. Ukimunyima vyote viwili kwa muda, kisha ukimuachilia, analala kwanza. Basi angalieni mazizi yenu. Katika milima ya Kivu, wakati wa mvua, zizi lisilo na muteremuko linageuka matope yanayofika magotini. Ngombe hapendi kulala ndani ya matope. Anasimama usiku kucha, miguu inavimba, na asubuhi mwenyewe anamusukuma kwa malisho akiwa amechoka kuliko jana. Muchana, badala ya kula, anatafuta mahali pakavu alale. Maziwa yanapunguka, na watu wanalaumu majani. Dawa yake si ghali: chagueni mahali penye muteremuko, chimbeni mufereji upande wa juu, na katikati muinue kichuguu kipana cha udongo na mawe madogo, chenye majani makavu juu. Mutaona wenyewe usiku wa kwanza ngombe wote wanasongamana pale. Tena zizi lisiwe dogo. Ngombe wenye pembe ndefu wanahitaji nafasi nyingi. Akilala mukubwa, wadogo wanasimama kwa kuogopa pembe zake.

Asubuhi, mbele ya kufungua mulango, musipige kelele. Simameni kidogo nje muhesabu. Ngombe waliolala bila kusumbuliwa, zaidi ya nusu yao watakuwa wanacheua. Kama karibu wote wamesimama na hakuna taya linalotembea, kuna kitu: matope, kupe, kiu, nyama wa mwitu usiku, ao ugonjwa unaanza.

Musimulaze ngombe ubavu muda murefu

Hapa ndipo wengi wanapoteza ngombe muzima kwa saa moja tu.

Kule tumboni, wakati majani yanapochachuka, hewa inazaliwa bila kukoma. Ngombe anaitoa kwa kubeua, karibu kila dakika, wala sisi hatusikii. Ili abeue, mulango wa koo lazima uwe juu ya majimaji. Ngombe akilazwa ubavu, miguu imenyoshwa, majimaji yanafunika mulango ule. Hewa haitoki, lakini haiachi kuzaliwa. Tumbo linavimba, linasukuma kifua, mapafu hayana nafasi, na ngombe anakufa kwa kukosa pumzi. Tena majimaji yaweza kupanda kooni na kuingia katika mapafu.

Kwa hiyo, mukimuangusha ngombe kwa kamba ili kumuhasi, kumutengeneza kwato ao kumufunga kidonda, mufanye hivi. Musimupe majani usiku ulio mbele. Tayarisheni visu, dawa na watu kwanza, kisha ndipo mumuangushe, maana si vizuri ngombe angojee chini wakati mutu amekwenda kutafuta kisu. Mumulaze ubavu wa kulia, ili tumbo kubwa la kushoto libaki juu. Kinywa kielekee chini kidogo, mate yatoke. Mutu mumoja atazame ubavu wa kushoto tu, asifanye kazi ingine. Ukianza kuvimba, kamba zilegezwe na ngombe akae juu ya kifua, hata kama kazi haijaisha. Kisu na mikono viwe safi, maana kidonda kichafu chaweza kuleta pepopunda, tutakayoisema chini.

Vilevile kwa wanaosafirisha ngombe kwa kamio ao kwa mashua ya ziwa. Ngombe aliyefungwa miguu minne na kutupwa kama gunia, akifika amekwisha kufa, ao nyama yake ni mbaya na yenye damu. Asafiri amesimama. Akianguka katikati ya wenzake, musimamishe gari mumuinue. Asibaki chini ya miguu yao mupaka sokoni.

Na ngombe aliyeanguka kwa udhaifu, ao asiyeweza kusimama kisha kuzaa, asiachwe ubavuni. Mumugeuze juu ya kifua, muweke magunia yaliyojaa majani pande zote mbili ili asipinduke, na mumubadilishe upande mara nyingi kwa siku. Muzigo wa mwili wake mwenyewe unaua misuli ya muguu ulio chini.

Tumbo likivimba, hata kwa sababu ingine, kama kula majani machanga yenye umande, taya lenyewe ni dawa. Mumusimamishe ngombe penye muteremuko, miguu ya mbele juu. Chukueni kijiti kinene kama kidole gumba, mukiweke kinywani kwa upande, kama lijamu, mukifunge kwa kamba nyuma ya pembe. Ataanza kukitafuna ili akitoe. Mate yatatoka, ulimi utatembea, naye atabeua. Kama ni povu, mupeni nusu litri ya mafuta ya kula, kama mafuta ya karanga, polepole, kichwa kisiinuliwe sana ili yasiingie katika mapafu. Kumutoboa ubavu ni kazi ya munganga ao ya mutu aliyefundishwa naye.

Ngombe wa kulima

Ngombe anayevuta jembe ao gari anatumia misuli ya mabega, ya mugongo na ya miguu ya nyuma. Damu inakwenda kule. Wakati anavuta kwa nguvu hacheui. Mukimuona anajaribu kucheua katika nira, ni kwamba anataka kupumzika. Tena kila saa aliyo chini ya nira ni saa aliyonyimwa malisho. Kwa hiyo ngombe wa kulima ana shida ya saa kuliko shida ya majani.

Wengine wanafanya hivi: wanawafungua ngombe saa 3 ya asubuhi, wanalima mupaka jua la muchana, wanawaacha wale kidogo, wanalima tena, na saa 12 ya jioni wanawafungia ndani. Ngombe hao wamekula saa 3 ao 4 tu. Usiku wana nafasi ya kucheua, lakini hawana cha kucheua. Kisha wiki tatu mifupa ya viuno inaonekana, na fimbo inafanya kazi iliyopaswa kufanywa na majani.

Namna iliyo bora ni kuanza kulima wakati wa mapambazuko, kwa baridi, na kuacha mbele ya saa 5. Saa 4 ao 5 za kazi kwa siku zatosha. Mukiwafungua, muwape maji, muwaache wale mupaka ubavu ujae, kisha muwaache kivulini walale. Musiwaondoe pale mupaka muone wamecheua kipindi kizima. Alasiri wanakula tena. Usiku muwawekee zizini majani yaliyokatwa, mabua ya mahindi, majani ya viazi vitamu yaliyonyauka. Musikate majani madogo sana kama tumbako mukifikiri munawasaidia: jani refu ndilo linaloita taya na mate.

Kichwa cha ngombe ni kizito. Katika shingo yake kuna kamba nene ya manjano, wachinjaji wanaijua kwa sababu kisu kinaichukia. Kamba hiyo inajivuta na kurudi kama mupira, nayo inabeba kichwa wakati kimeinama, ili misuli isichoke. Ngombe ameumbwa kula kichwa chini, na akila hivyo anatoa mate mengi zaidi. Basi hori lisiwekwe juu kifuani. Sehemu yake ya chini iwe kiganja kimoja tu juu ya mahali anapokanyaga. Akila kichwa juu anatupa majani huku na huku na kuyapoteza. Nira nayo isiumize shingo: ngombe mwenye kidonda cha nira hawezi kuinamisha kichwa bila uchungu, naye anakaa na njaa mbele ya majani. Kila jioni pitisheni mukono pale.

Mugongo uliopinda na waya tumboni

Nilisema ngombe anameza bila kuchagua. Musumari ao kipande cha waya, kwa kuwa ni kizito, kinaanguka katika tumbo la pili, lile lenye sega. Tumbo lile linajikaza na kujilegeza kila dakika, na musumari unatoboa. Mbele yake, nyuma ya ukuta mwembamba, ndipo moyo ulipo.

Ngombe wa namna hiyo anaacha kucheua kwa ghafula, maana kila tonge likipanda tumbo linajikaza na kumuchoma. Anasimama mugongo umepinda juu, viwiko vimetoka nje, hataki kulala, na akilala analala polepole na kuguna. Kwa kupanda anatembea kidogo. Kwa kuteremuka anakataa, sababu tumbo linasukumwa mbele juu ya musumari. Wengine wanamupiga wakifikiri ni mukaidi. Musimupige, musimukimbize. Mumufunge mahali ambapo miguu ya mbele iko juu kuliko ya nyuma, na muite munganga. Siku za kwanza pana nafasi ya kumuponyesha; kisha pua ya musumari kufika moyoni, hakuna.

Kila nyumba ya mabati inapojengwa, kila ukuta wa waya unapotengenezwa, misumari na vipande vinabaki ndani ya majani. Watoto waviokote kabla ya ngombe kupita. Ni kazi ya nusu saa.

Kinywa na miguu vinaugua pamoja

Kuna magonjwa yanayoonekana kwa taya na kwa mwendo mara moja, nayo si vizuri kuyachanganya.

Ngombe anayetafuna mifupa, kamba, ao nguo kwenye uzi, hana wazimu. Mara nyingi anakosa fosforo, maana udongo wa malisho mengi ya nchi za joto hauna ya kutosha. Mifupa yake inadhoofika, mwendo wake unakuwa mugumu kama wa muzee. Muombe kwa munganga chumvi ya kulamba yenye fosforo. Lakini hatari kubwa ni ile mifupa anayoitafuna. Mufupa wa muzoga waweza kuwa na sumu inayolegeza misuli: ulimi unatoka nje na haurudi, taya linaning'inia, miguu ya nyuma inayumba, ngombe analala kichwa ubavuni na hasimami tena. Kwa hiyo choma ao zika chini sana kila muzoga, hata wa kuku. Musiuache malishoni kwa ajili ya ndege.

Pepopunda ni kinyume: misuli inakaza badala ya kulegea. Taya limefungwa, hata kidole hakiingii, miguu minne inasimama kama ya kiti, mukia umeinuka, tumbo linavimba kwa sababu hawezi kubeua.

Katika ugonjwa wa midomo na miguu, ngombe anatoa mate kama uzi murefu, anapiga midomo kwa sauti, na pamoja na hayo anachechemea, maana malengelenge yako kinywani na katikati ya kwato. Ngombe wa namna hiyo, na wenzake, wasitembezwe hata hatua moja kwa soko ao kwa mutoni pa watu wote. Mupeleke habari upesi.

Ngombe akitoa mate mengi na hawezi kumeza, watu wanasema: Kuna mufupa kooni. Na mutu mwenye moyo anaingiza mukono. Musifanye hivyo. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa, na mate yale yanaua mutu kwa kidonda kidogo tu cha kidole. Kama mate yamekwisha kugusa kidonda, osheni kwa sabuni na maji mengi dakika 15, na muende kwa hospitali siku ile ile kwa kuchanjwa. Musingoje kuona kama ngombe atakufa. Ni kweli kwamba kiazi ao embe zima linaweza kukwama kooni, nalo linaleta mate na uvimbe wa tumbo. Kwa hiyo kateni viazi na mihogo vipande vidogo mbele ya kuwapa ngombe, kusudi musibaki na shaka siku moja. Muhogo muchungu na majani yake musiwape vibichi kabisa: taya likiyaponda, sumu yake inatoka palepale.

Ndama

Ndama anazaliwa na tumbo kubwa lisilofanya kazi bado. Anyonyapo, shingo imenyoshwa, mufereji mudogo unajifunga ndani na kupeleka maziwa moja kwa moja kwa tumbo la nne. Akinyweshwa kwa ndoo, anywe polepole, maziwa ya vuguvugu, na musimufungulie kinywa kwa nguvu na kumumiminia: maziwa yanayoingia mapafuni yanamuua, na yanayoanguka katika tumbo kubwa yanaoza mule.

Tangu wiki ya kwanza muwekeeni majani laini kidogo mahali anapolala. Atayachezea tu mwanzoni. Kisha wiki mbili ao tatu, mukipita zizini jioni, mutamuona amelala juu ya kifua kama mama yake, taya likienda upande. Tangu siku ile anaweza kuanza kupewa majani zaidi, kidogo kidogo, lakini maziwa yasikatwe bado.